Bunduki italala wapi? Ulinganisho kwa mtu wa Mwanza anayefikiria kumiliki bastola

Mdogo wangu ni mnunuzi wa mabondo ya sangara. Kwa msomaji aliye mbali na ziwa: bondo ni kile kifuko cha hewa kilichomo tumboni mwa samaki. Kinasafishwa, kinakaushwa, kinapelekwa China, na kilo yake inauzwa bei ambayo nyama ya sangara huyohuyo haiifikii hata kwa mbali. Mabondo hununuliwa mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inapotia nanga, kwa pesa taslimu, mvuvi akiwa bado ana maji miguuni. Kwa hiyo mara mbili tatu kwa mwezi mdogo wangu hupanda boti kuelekea Kome, Maisome au visiwa vya Ukerewe, mgongoni ana begi ambalo kila abiria anajua limebeba nini.

Februari wakavamiwa majini. Mtumbwi wa injini ulikuja ubavuni mwao umezima taa, watu wanne, mmoja ana SMG, bunduki ya kivita. Walichukua injini, simu zote na lile begi, wakawaacha abiria tisa wanaelea mpaka kulipopambazuka, wavuvi wa dagaa ndio wakawaona. Hakuna aliyeumizwa, namshukuru Mungu. Lakini mdogo wangu alirudi mtu mwingine. Siku ya tatu alitukalisha sebuleni akasema, "Dada, naanza kufuatilia kibali. Nanunua bastola."

Mke wake alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso. Akauliza, "Na hicho kitu kitalala wapi?"

Nyumba yao iko Igoma, hapa Mwanza, vyumba vitatu na sebule. Watoto wako wanne, wa mwisho ana miaka minne na hakuna mlango wa kabati unaomshinda. Mama yetu anakaa nao. Wageni kutoka Magu hawaishi. Jioni ile hakuna aliyemjibu wifi yangu, na mimi niliondoka na swali lake. Mdogo wangu aliniomba nimtafutie nchi za wenzetu wanaendaje na jambo hili, kwa kuwa katika familia mimi ndiye ninayesoma sana. Nilivyozidi kusoma ndivyo nilivyoona kwamba swali la wifi ndilo linalotenganisha taifa na taifa. Ukitaka kujua watu wanaionaje bunduki, angalia ya raia inalala wapi usiku, ufunguo anashika nani, na nani ana haki ya kubisha hodi kuiulizia.

Kwetu kwanza

Tanzania bunduki ni kitu cha kuombewa. Sheria inayotawala sasa ni ile ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya sheria ya 1991. Mwombaji awe ametimiza miaka 25, aeleze anaitakia nini, na maombi yake yaanzie chini kabisa: serikali ya mtaa au kijiji, kisha kata, wilaya, mkoa, ndipo yafike kwa msajili wa silaha. Mtu anapolalamikia mlolongo huo huwa namwambia autazame kwa jicho jingine. Wa kwanza kukujadili ni mwenyekiti wa mtaa wako, anayejua kama unampiga mkeo, kama unalewa Jumamosi, kama una ugomvi wa mpaka wa kiwanja na jirani. Ofisa aliyeko mbali hawezi kuyajua hayo.

Ndiyo maana silaha za raia kwetu ni chache. Taasisi ya Small Arms Survey ya Geneva ilikadiria mwaka 2017 kwamba katika kila Watanzania 100 hakuna hata bunduki moja kamili ya raia, ukijumlisha halali na haramu. Katika hizo yamo magobore ya kuchongwa vijijini. La babu yangu kule Magu nalikumbuka vizuri: bomba la maji lililofungwa kwenye kitako cha mti kwa nyaya, limeviringishwa gunia, linalala juu ya mapaa. Babu alilitumia kufukuza viboko waliokuwa wakipanda usiku kula mpunga. Sisi wajukuu tulikatazwa hata kulitazama, na kwa hiyo tulilitazama kila siku. Mwaka mmoja lilipasuka mikononi mwake likamla vidole viwili vya mkono wa kushoto. Hakwenda hospitali siku ile wala kesho yake, kwa sababu gobore halikuwa na kibali na aliogopa kuulizwa. Serikali imewahi kutoa msamaha kwa watu kama yeye: Septemba na Oktoba 2022 aliyesalimisha silaha haramu kwa hiari hakushtakiwa. Babu alikuwa ameshafariki.

Lipo jambo jingine la kwetu ambalo vijana wa mjini wamelisahau. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, silaha za kivita zilizagaa, na wezi wa ng'ombe wakaanza kuingia vijiji vya Usukuma na Unyamwezi wakiwa na bunduki. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kuanzia pande za Kahama na Shinyanga, wanakijiji waliunda sungusungu, wenyewe wakijiita Basalama. Silaha yao ilikuwa upinde, mishale, filimbi na mwano, yaani yowe la hatari. Mwano ukipigwa, kila mwanaume anatoka, anaupokeza kijiji cha pili, cha pili kinaupokeza cha tatu, na mwizi anakuta njia zote zina watu. Asiyetoka hupigwa faini, akizidi anatengwa: hapewi moto, hasalimiwi, hazikiwi. Sisemi sungusungu walikuwa malaika. Waliua watu bila hukumu, na vikongwe waliosingiziwa uchawi hawakuwa salama mbele yao. Ninachotaka kionekane ni kwamba Wasukuma walitishwa kwa bunduki na hawakudai kila kaya ipewe yake. Jibu lao lilikuwa kila mtu atoke. Mzee yeyote wa Usukuma mwenye miaka sitini na kitu analikumbuka.

Marekani: droo ya pembeni mwa kitanda

Mdogo wangu alikuwa na video za Marekani kwenye simu, kwa hiyo tuanzie huko. Kule kumiliki bunduki ni haki iliyoandikwa kwenye katiba, marekebisho ya pili ya mwaka 1791. Mwaka 2008 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilitamka kwamba haki hiyo ni ya mtu binafsi, ikiwemo kuwa na bastola nyumbani ya kujilinda, na mwaka 2022 ikaipanua hadi kuibeba hadharani. Anayetaka kukuzuia ndiye anayepaswa kutoa sababu. Kwetu ni kinyume chake.

Makadirio yaleyale ya 2017 yanaipa Marekani bunduki 120 kwa kila watu 100. Ni nchi yenye silaha za raia kuliko raia. Utafiti wa 2023 wa Pew, taasisi ya utafiti ya hukohuko, ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya watatu anasema ana bunduki, na katika hao wenye bunduki, 72 kati ya 100 wanataja kujilinda kama sababu kubwa. Tusiwadharau. Kuna majimbo ambako polisi wa karibu yuko mbali saa nzima, na kuna watu walioinuka usiku wakaokoa watoto wao kwa bunduki iliyokuwa kwenye droo. Baba humfundisha mwanawe kuwinda kama mvuvi wa Kayenze anavyomfundisha wake kutega nyavu. Ni mila kwelikweli.

Lakini bunduki ya kujilinda haina faida ikiwa mbali, na hapo ndipo mambo yanapobadilika. Inalala karibu na mkono, na mara nyingi ina risasi ndani. Mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa risasi Marekani, na zaidi ya nusu yao walijiua wenyewe. Niliposoma hapo nilifunga kompyuta nikatoka nje. Sisi tunapozungumza bastola tunamuona jambazi mlangoni. Takwimu zinamuonyesha mwenye nyumba, usiku wa manane, na mawazo yake.

Nikamfikiria mdogo wangu. Miaka miwili iliyopita mzigo wake wa mabondo ulikataliwa, akaingia kwenye mikopo ya kausha damu, ile ya riba kali, wakaja kubeba friji na televisheni watoto wakiangalia. Wiki zile alikuwa hali. Mama alikuwa analala sebuleni makusudi, ili amsikie akifungua mlango. Wiki zile zikapita, na leo anacheka. Zingekutana na bastola kwenye droo, sijui kama ningekuwa ninaandika ulinganisho huu.

Uswisi: bunduki nyumbani, risasi kwingine

Watetezi wa bunduki wana mfano wanaoupenda: "Mbona Uswisi kila nyumba ina bunduki na hawauani?" Sio kila nyumba, ni takriban bunduki 28 kwa watu 100, bado ni nyingi kwa Ulaya. Nyingi zimetokana na jeshi la raia. Kijana wa kiume anapitia mafunzo, kila mwaka anarudishwa kambini kwa muda, na bunduki ya jeshi anakaa nayo nyumbani. Kwa hiyo bunduki kule imeshikamana na wajibu, kama sare.

Ambacho watu hawamalizii kusimulia ni kwamba tangu 2007 Uswisi iliondoa risasi za jeshi majumbani mwa askari wake walio wengi. Bunduki kabatini, risasi ghalani. Mwaka 2011 wananchi waliulizwa kwa kura kama na bunduki zenyewe zirudi ghalani, wakakataa. Mwaka 2019 wakaulizwa kama sheria ya silaha ikazwe iendane na ya Umoja wa Ulaya, karibu asilimia 64 wakakubali. Wanabishana, wanapiga kura, wanakubaliana. Na kuna jambo moja lililonigusa: jeshi lao lilipopunguzwa sana mwaka 2003, watafiti waliona kujiua kumepungua miongoni mwa wanaume wa umri wa jeshi, na sehemu kubwa ya wale ambao wangetumia bunduki hawakutafuta njia nyingine. Waliikosa wakati ule, wakaishi.

Kwa hiyo anayeitaja Uswisi aichukue yote: mafunzo ya miezi, kurudiwa mwaka hadi mwaka, na risasi kulala nyumba nyingine. Mdogo wangu aliposikia hilo la mwisho akasema, "Sasa ya kazi gani?" Alikuwa sahihi. Bunduki ya namna hiyo ni ya kulinda nchi, haimsaidii mtu kwenye boti ya Maisome.

Japani na Uingereza: kujilinda si sababu

Japani raia wa kawaida haruhusiwi bastola. Anayetaka bunduki ya kuwinda au ya michezo ya shabaha anahudhuria darasa, anafanya mtihani wa kuandika na wa kulenga, anapimwa na daktari akili yake, polisi wanahoji ndugu na majirani, na anawaonyesha polisi mahali hasa bunduki itakapofungiwa na mahali risasi zitakapofungiwa, kila kimoja peke yake. Polisi hurudi kukagua. Leseni ni ya miaka mitatu, kisha anaanza tena. Huko jibu la swali la wifi ni ukurasa wa fomu.

Hawajamaliza uovu. Julai 8, 2022 waziri mkuu wao wa zamani, Shinzo Abe, aliuawa kwa bunduki ambayo muuaji aliitengeneza mwenyewe. Lakini ilibidi aitengeneze, kwa miezi, kwa sababu ya kununua hakuipata. Na nchi nzima ilisimama, kwa vile tukio la namna hiyo kwao ni geni kabisa.

Uingereza walifika hapo kwa machozi. Machi 13, 1996, katika mji wa Dunblane, Scotland, mwanaume mwenye bastola zilizosajiliwa kihalali aliingia shule ya msingi akaua watoto 16 na mwalimu wao. Wazazi walizunguka na karatasi za kukusanya saini, na kufikia mwisho wa 1997 bastola za raia zilikuwa zimepigwa marufuku karibu zote. Zaidi ya 160,000 zilirudishwa. Ukienda polisi wa kule leo ukasema unataka bunduki ya kujilinda, umejinyima mwenyewe, kwa sababu hiyo haihesabiki kuwa sababu. Askari wao wa doria wenyewe, walio wengi, hawabebi bunduki. Australia nao, baada ya watu 35 kuuawa Port Arthur Aprili 1996, serikali ilinunua kutoka kwa raia bunduki zipatazo 650,000 na kuziteketeza, na kwao pia kujilinda si sababu ya leseni.

Niwe mkweli: mtu wa Uingereza anaweza kukaa bila bastola kwa sababu akipiga simu anakuja mtu. Mvuvi wa Irugwa akipiga simu saa nane usiku, boti ya doria inaweza kuwa upande mwingine wa ziwa, au haina mafuta. Anayewaambia watu wa visiwani wasijilinde aanze kwanza na mafuta ya doria.

Afrika Kusini: kioo chetu

Kama mdogo wangu anataka kujionea maisha anayoyafikiria, asitazame Texas, atazame Johannesburg. Kule mfanyabiashara mwenye hofu kama yake anaruhusiwa. Sheria yao ya mwaka 2000 inataka umri wa miaka 21, cheti cha kuthibitisha kwamba unaijua silaha, kasha la chuma lililokaguliwa, na inakubali kujilinda kuwa sababu. Wengi wamechukua, karibu bunduki 10 kwa watu 100, ukihesabu na zisizo halali.

Na ujambazi wa kutumia silaha haujaisha, mauaji mengi huko hufanywa kwa bunduki. Sababu ni nyingi, sitaki kuzibandika zote kwa wenye leseni: umaskini, ukosefu wa ajira, historia ya ubaguzi, magenge. Lakini kuna mnyororo mmoja unaoonekana waziwazi. Kila mwaka maelfu ya bunduki halali huripotiwa kupotea au kuibiwa. Jambazi anamfuata mwenye bastola kwa sababu ana bastola. Ile uliyonunua imlinde mwanao inavuka ukuta, kesho iko upande wa pili. Mwaka 2021 serikali ilipendekeza kuiondoa kujilinda kwenye orodha ya sababu, na watu wakapinga kwa nguvu, wakisema polisi hamtulindi, sasa mnatuvua na tulichonacho. Nawaelewa pande zote mbili, na hapo ndipo ninapoiona hatari yake: ukishafika mahali kila mtu anayo, kuiacha peke yako kunaogopesha kuliko kuishika.

Tusidhani ya kuporwa silaha ni ya wengine. Julai 2015 kituo cha polisi cha Stakishari, Dar es Salaam, kilivamiwa, askari wakauawa, bunduki zikabebwa. Kama wanafuata bunduki kituoni, kwako Igoma watashindwa?

Majirani wa ziwani

Kenya nao wanatoa leseni kwa raia, kwa masharti, na Desemba 2018 serikali ilitangaza wenye leseni wote wahakikiwe upya kwa sababu hazikuaminika tena nani anazo na alizipataje. Kule Turkana na Pokot ni dunia nyingine, bunduki iko begani mwa mchunga ng'ombe na kampeni za kunyang'anya zimepita nyingi. Uganda ukishuka Kampala utashtuka siku ya kwanza: mlinzi wa duka la kawaida ana bunduki ndefu. Watu wamezoea. Mei 2, 2023 naibu waziri, Charles Engola, alipigwa risasi nyumbani kwake na mlinzi wake mwenyewe, na mazungumzo ya nani anakabidhiwa silaha yakaanza upya nchi nzima. Nchi hizi na yetu zote zilisaini Itifaki ya Nairobi ya 2004 ya kudhibiti silaha ndogo. Ziwa ni moja, na silaha inayopita Uganda haihitaji viza kufika Ukara.

Mwenye nayo anasemaje

Kabla ya kuamua, nilimpeleka mdogo wangu kwa mtu ninayemfahamu anayemiliki bastola kihalali mwaka wa sita sasa. Ananunua dhahabu pande za Geita. Alitupokea vizuri, na nilipomuuliza inalala wapi, akatupeleka chumbani. Ndani ya kabati la nguo kuna kasha dogo la chuma lililochimbiwa ukutani kwa nondo. Ufunguo uko shingoni mwake kwa mkufu, na mkufu umemwachia alama ya kijani kifuani. Risasi ziko chumba kingine, kwenye kasha jingine. Mkewe ufunguo hana. Walikubaliana hivyo.

Akatuambia ameacha pombe, kwa sababu ukilewa nayo umekwisha. Kwenye harusi hakai sehemu yenye msongamano. Ugomvi wa barabarani anautoroka hata akitukanwa mama yake. Kisha akasema neno ambalo mdogo wangu alilirudia njia nzima tukirudi kwenye daladala: "Tangu niipate sijawahi kuoga ziwani na wanangu. Nitaiacha kwa nani nikiwa majini?"

Hajawahi kumtolea mtu. Anasema inampa usingizi, na ninamwamini. Yeye namhesabu kuwa mtu anayeistahili, na kama nchi ingekuwa na wenye leseni wa namna yake tu nisingekuwa na la kusema.

Nikiziweka sambamba

Kwa mtu wa Mwanza anayechagua leo, naona hivi.

Ukiwa na shamba linaloingiliwa na viboko au tembo, tatizo lako ni la wanyamapori, anza na ofisi ya maliasili ya wilaya. Ukihitaji bunduki, omba ndefu ya halali, na gobore lisalimishe kabla halijakula vidole.

Ukiwa mtu unayebeba thamani kubwa peke yako kwa barabara, nyumba yako ina ukuta wa kuchimbia kasha, hunywi, hudaiwi madeni ya kukukosesha usingizi, na mkeo au mumeo amekubali kwa moyo wake, basi fuata njia yote ya sheria kuanzia kwa mwenyekiti, na jifunze kuitumia mpaka mkono uchoke. Ishi kama yule mnunuzi wa dhahabu. Chukua nidhamu ya Mjapani, hata kama sheria yetu haijakulazimisha yote.

Ukiwa mdogo wangu, nasema hapana, na nilimwambia hivyo nikimtazama usoni. Boti haina ukuta wa kujificha. Watu wanne, SMG moja, abiria tisa wamekaa magoti kwa magoti. Wewe ukichomoa bastola, risasi zinazojibu hazikuchagui wewe. Zinapita kwa yule mama wa Kome mwenye mtoto mgongoni, zinapasua mbao, na usiku ule hakuna aliyevaa jaketi la kuokolea. Walipata begi. Ukiwa na bastola wangepata begi na bastola, na boti inayofuata ingekutana nayo.

Kinachomuua mdogo wangu ni pesa taslimu. Tulikaa naye na daftari. Matajiri wa mitumbwi watatu anaonunua kwao kwa wingi wana akaunti, mmoja ana na uwakala kisiwani. Pesa inaweza kuvuka kwa simu. Makato yanauma, tuliyahesabu, na kwa mwezi hayafiki hata robo ya begi lililoibwa. Wavuvi wadogo bado wanataka noti mkononi, hilo halijapata dawa, kwa hiyo atabeba kidogo na atavuka mchana. Wanunuzi wenzake watano wamekubali kwenda boti moja siku moja, na BMU, kile kikundi cha jamii kinachosimamia mwalo wa kule, kupewa taarifa wametoka saa ngapi. Boti isipofika kwa muda wake, wa upande ule wanatoka. Mama aliposikia hivyo akasema, "Huo si ndio mwano?"

Fomu alikuwa ameshaichukua. Bado iko kwenye begi lake jipya, ile sehemu ya kueleza silaha itahifadhiwa wapi haijaandikwa kitu. Anasema hajaichana kwa sababu hajui mwakani ziwa litakuwaje, na sijamlazimisha. Jumanne iliyopita walivuka watano kwenda Maisome, wakarudi Alhamisi jioni na magunia mawili, na wifi akanipigia simu kuniambia mdogo wangu amewapeleka watoto wote wanne kuoga ziwani.